Maji ya Kumbatiza Yohana

Watu wa parokia yetu wanapenda kusema kwamba Wachuka alikuwa mpole. Uongo mtupu. Wachuka hakuwa mpole, alikuwa amenyamaza, na sisi tuliomnyamazisha ndio tuliompa sifa hiyo ili tupate usingizi. Naandika habari zake kwa sababu hakuna mwingine atakayeziandika, na kwa sababu mimi, Kagure binti Mathenge, mwalimu wa darasa la nne, nina fungu langu katika mambo aliyotendewa. Si fungu dogo.

Alikuwa mfuaji wa nguo za kanisa. Misheni yetu iko upande wa Tetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Wamagana, juu ya mteremko unaoshuka mpaka mtoni. Alianza kufua hapo mwaka wa 1956 na hakuacha mpaka alipokufa, Novemba ya 1973. Alikuwa mrefu na mwembamba, kilemba chake kimeshuka mpaka kwenye nyusi, mikono imebabuka kwa sabuni na maji baridi. Ukimsalimia aliitikia. Usipomsalimia alipita tu, wala hakukuwekea kinyongo. Wengi hawakumsalimia.

Krismasi kwa watu wengine ni siku moja ya wali na nyama ya mbuzi. Kwa mfuaji wa kanisa ni msururu wa siku, kila siku na mtakatifu wake na rangi yake. Tarehe ishirini na tano padre huvaa nyeupe, Bwana amezaliwa. Kesho yake nyekundu, maana Mtakatifu Stefano alipigwa mawe. Ishirini na saba nyeupe tena, ya Mtakatifu Yohana, aliyekufa kitandani kwa uzee wake. Ishirini na nane nyekundu, ya Watoto Mashahidi, wale wachanga wa Bethlehemu waliochinjwa na askari wa Herode. Sisi tukiwa tumelala na matumbo yaliyojaa, Wachuka alikuwa akifua nyeupe, akinyoosha nyekundu kwa pasi ya makaa, akifua tena. Vitambaa vya altare alivikazia kwa uji mwepesi wa mahindi aliouchuja mara tatu, vikatoka vigumu vinang'aa. Padre mzungu wa zamani alikuwa akivisifu mbele ya wageni. Huo uji nitaurudia.

Parokia yetu ilikuwa na desturi yake siku ya Watoto Mashahidi, na sijaiona kwingine. Baada ya mahubiri katekista alifungua daftari lenye jalada jeusi, akasoma majina ya watoto wachanga wa parokia waliokufa wakiwa wamebatizwa. Jina likisomwa, mama wa mtoto alisimama na mshumaa mkononi, na jirani akamwashia. Wengine walikuwa ajuza wanaosimamia mtoto aliyeishi siku mbili enzi za wamisionari wa kwanza. Walisimama hivyo hivyo, wameshikwa kiwiko. Misa ikiisha, waliosimama walikunywa chai pamoja ukumbini, chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi, na kila mmoja aliitwa kwa jina la marehemu wake: Mama Petro, Mama Roza, Mama Agnesi.

Mtu asiye wa kwetu huenda asione uzito wa jambo hilo. Huku mwanamke akishazaa haitwi tena kwa jina lake alilopewa na wazazi. Huyu Wachuka aliitwa Wachuka mpaka na watoto wa shule. Wenye ulimi walimwita Wachuka wa Karai. Siku ya chai ile alitandika vitambaa vya meza alivyovinyoosha mwenyewe, kisha akarudi kwenye kibanda chake cha kufulia, kwa kuwa hakuwa amesimama. Na hakuwa amesimama kwa kuwa mtoto wake hakuwa kwenye daftari.

Alikuwa na mtoto. Alimzaa tarehe ishirini na saba Desemba ya 1954, wakati wa Hali ya Hatari, katika kile kijiji walichotusukumia Waingereza, chenye handaki na miiba kuzunguka pande zote, hapo hapo mteremkoni chini ya misheni. Kwa vile ilikuwa siku ya Mtakatifu Yohana alimwita Yohana. Mtoto alikufa kesho yake, siku ya Watoto Mashahidi. Mumewe, Gicheru, alikuwa msituni na wapiganaji. Hakutoka huko.

Kila Mkatoliki anajua kwamba mtoto akiwa mahututi na padre hayupo, mtu yeyote anaweza kumbatiza: ammwagie maji kichwani na aseme maneno. Wachuka alijua. Mwaka uliofuata alikwenda kwa katekista mpya kuomba Yohana aandikwe. Katekista huyo alikuwa baba yangu, Mathenge. Baba alimuuliza maswali matatu mbele ya watu waliokuwa wakisubiri zamu yao. Nani alimmwagia? Akasema ni yeye. Maneno gani? Akayasema yote, bila kukosea. Ulimmwagia nini?

"Uji," Wachuka akasema. "Ile nyepesi ya juu."

Baba akafunga daftari. "Kanisa inataka maji. Si chai, si maziwa, si uji."

Padre mzungu alimwamini baba kama jicho lake, basi neno likawa limekwisha. Yohana akabaki nje ya daftari kama alivyobaki nje ya makaburi, kwa maana asiyebatizwa alizikwa nje ya ua wa misheni. Kijiji kizima kikacheka. Wanawake waliuliza kama yule mtoto alibatizwa au alinyweshwa. Mtoto wa uji, wakasema, na jina hilo lilidumu mpaka baada ya Uhuru, la Yohana likasahaulika. Watu waliopoteza ng'ombe, mashamba na waume walikuwa bado na nguvu ya kumcheka mwanamke aliyempoteza mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilicheka nao. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje nyumba iliyo juu ya mto ikose maji kikombe kimoja.

Wachuka akaomba kazi misheni. Nadhani alitaka kukaa karibu na ule ua. Na hapo ndipo uji usiofaa kichwani kwa mtoto ulipofaa kwenye altare, miaka kumi na saba, na hakuna aliyeona ajabu.

Uhuru ukaja. Bendera ikapanda kiwanja cha Nyeri mjini, watu wakacheza mpaka viatu vikakatika. Walioilinda serikali ya Mwingereza wakawa machifu, wenye maduka na makatekista, na waliotoka msituni wakaja kuwaomba vibarua. Baba alikuwa amekuwa mlinzi wa kijiji miaka ile, mmoja wa wale tuliowaita ngati. Tulijua, lakini nyumbani kwetu halikutajwa, na nje ya nyumba watu walimwita Mwalimu wa Dini. Alipotimiza miaka kumi ya ukatekista alipewa medali, akaitundika chini ya picha ya Moyo Mtakatifu.

Mwaka wa 1970 baba alipooza upande mmoja. Padre mpya, Padre Theuri, kijana wa kwetu, akanipa mimi daftari la Watoto Mashahidi, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na sauti ya kusikika mpaka nyuma. Wiki moja kabla ya Krismasi Wachuka alikuja shuleni. Alisimama mlangoni pa darasa mpaka watoto walipotoka kucheza.

"Mwalimu," akasema, "mimi niko na neno moja."

"Sema, Tata." Tata kwetu ni shangazi, na ndivyo tunavyomwita kwa heshima mwanamke wa rika la mama zetu. Heshima ya mdomoni haina gharama.

"Hiyo kitabu sasa iko na wewe. Nataka jina moja tu iandikwe. Yohana. Hata kama ni pale chini kabisa, kwa mwisho. Ukisoma, nisimame. Basi. Chai sitaki."

Nikamwambia nitamuuliza baba. Alishtuka kidogo aliposikia hivyo. Akajifunga kilemba upya na kuondoka.

Nilimkuta baba nyumbani amekaa kwenye kiti chake juani, blanketi magotini, mdomo umekwenda upande. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Nikamwambia kwamba Padre Theuri husema siku hizi jambo lenye mashaka huachiwa huruma ya Mungu, basi mbona mtoto wa Wachuka asiandikwe?

"Uji si maji," akasema.

"Lakini baba, mbona hakukuwa na maji? Mto uko pale chini."

Alisogeza blanketi kwa mkono uliokuwa mzima. Kisha akanieleza kwa sauti ile ile ambayo angenieleza bei ya mahindi.

"Kijiji ilikuwa imefungwa. Siku mbili. Waya ya simu ilikatwa, yule mzungu D.O. akasema hakuna mtu anaenda mtoni mpaka waseme nani amekata. Nyumba zote zilikuwa kavu, ila zetu za walinzi. Mimi nilikuwa kwa geti. Yeye akakuja na kikombe. Alikuwa ametoka kuzaa jana, damu iko kwa miguu. Ati mtoto anakufa, ati nimpe maji kidogo ambatize."

"Ukamwambia nini?"

"Arudi ndani."

"Hukuwa na maji?"

"Nilikuwa nayo. Karai mzima. Nilikuwa naosha miguu."

Kuku walikuwa wakichakura chini ya kiti chake. Nilisikia haya mpaka masikioni, na hasira, na hofu pia, hofu ya kwamba jirani aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya ua amesikia.

"Kikombe kimoja, baba. Hata cha yale ya miguu."

"Bwana yake alikuwa msituni. Leo unapea bibi maji, kesho wazungu wanasema wewe ndiye unapeleka chakula huko. Ungekuwa wapi wewe? Nani angekulipia shule?" Alipumua kwa shida. "Na usifikiri sikujua ni ya nini. Nilikuwa nimeshasoma katekisimu. Nilijua."

"Halafu ukamnyima daftari."

"Kanisa inataka maji," baba akasema. "Usiandike hiyo jina. Ukiandika, watu watauliza mbona sasa. Haya, nipe maji nimeze dawa."

Nikaenda ndani, nikajaza kikombe, nikamshikia mdomoni mpaka akamaliza, nikampangusa kidevu.

Ningependa kuandika kwamba nililia usiku kucha na asubuhi nikaandika jina. Sikuandika. Nilikuwa binti wa katekista. Kazi yangu ya ualimu niliipata kwa barua yake, na mchumba wangu alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa. Nilipiga hesabu ya aibu yetu, nikaona ya Wachuka ni nyepesi zaidi, kwa sababu alikuwa ameizoea. Siku ya pili nilimfuata kwenye kibanda chake. Alikuwa akipuliza makaa ya pasi.

"Tata, nimeuliza. Kanisa linataka maji."

Aliweka pasi chini. Alinitazama usoni, na macho yake hayakuwa ya mtu mpole hata kidogo.

"Amekuambia," akasema.

Nikatazama makaa.

"Amekuambia yote, na bado umekuja na hiyo maneno yake." Akaichukua pasi tena. "Sawa. Wewe ni mtoto wake."

Ndipo nilipotambua kwamba miaka yote hiyo hakuwa amemtaja baba kwa mtu yeyote. Zamani ningesema ni woga. Daftari lilikuwa mikononi mwa baba, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wachuka aliinama miaka kumi na mitano, kisha cha mvunguni kikapita mikononi mwangu, nami nikakisukuma ndani zaidi.

Hakuniomba tena. Ila Krismasi ya 1972 alifanya kitu kimoja. Siku ya Watoto Mashahidi, badala ya kusimama nyuma karibu na mlango, aliingia mapema akakaa kwenye benchi la akina mama, mshumaa mpya magotini. Aliununua dukani Majengo, alikwenda mjini na kurudi kwa miguu. Nilimwona nilipofungua daftari. Nilisoma majina haraka kuliko kawaida. Mama Petro akasimama, Mama Roza akasimama, mishumaa ikawashwa kushoto kwake na kulia kwake, naye amekaa katikati na mdomo umefunguka kidogo, akinisikiliza kwa makini, kama mtoto wa shule anayesubiri kusomewa matokeo. Nikafika jina la mwisho. Nikafunga.

Nje, Murugi, mwenyekiti wa akina mama, alimuuliza mbele ya wote, "Wachuka, mshumaa ni ya nini mchana? Kwako kumekuwa giza?" Tukacheka. Mimi pia, nasema tena, nilicheka. Mshumaa ule Wachuka aliutumia kazini, akiupaka chini ya pasi ili iteleze. Ulimtosha mpaka Pasaka.

Kuna jambo lingine nililigundua mwaka wake wa mwisho, na heri nisingeligundua. Kile kitambaa kinachokaa chini ya kalisi, kikombe cha divai ya misa, hakifuliwi kama shuka. Maji yake ya kwanza hayamwagwi mtaroni, maana huenda yana chembe ya Mwili wa Bwana. Humwagwa kwenye udongo safi. Padre alikuwa amemwonyesha Wachuka mahali, chini ya mawaridi nyuma ya sakristia. Jumatatu moja, darasa likiwa linaandika, nilimwona kupitia dirishani akiyapita mawaridi na ndoo yake ndogo, akapenya kwenye ua, akashuka mteremko hatua kama ishirini. Hapo akapiga magoti akamwaga. Hakumwaga yote kwa mara moja. Alimwaga kidogo, akasimama, akamwaga kidogo, akasimama, akamwaga yaliyobaki, na midomo ilikuwa ikienda. Jumatatu iliyofuata nikatazama tena. Ilikuwa vile vile. Kanisa halimbatizi aliyekufa, naye alijua hivyo kuliko mimi. Ila maji sasa alikuwa nayo, ya bomba, mengi.

Mvua za vuli za 1973 zilimkamata kifuani. Kibanda cha kufulia kilivuja, na hakuna aliyekuwa amepanda kukiziba kwa sababu hakuna aliyekuwa akiingia mle. Alikufa siku ya nne. Akina mama walichanga kuni na sukari, wakaimba nyimbo mbili, wakasema alikuwa mpole. Alizikwa ndani ya makaburi, kwa haki yake, mbali na pale mteremkoni. Mimi nilikuwa na mtihani wa kusahihisha. Nilikwenda mwishoni, udongo umeshasawazishwa.

Ikafika Krismasi. Vitambaa vya altare vilikuwa vimekunjamana, na Padre Theuri alivaa nyekundu yenye alama ya pasi begani. Asubuhi ya Watoto Mashahidi nilichukua wino, na chini ya jina la mwisho nikaandika: Yohana. Hakuna wa kuuliza mbona sasa. Aliyekuwa na haki ya kuuliza alikuwa amezikwa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa jasiri.

Nikasoma majina, moja moja, mama mmoja mmoja akasimama. Nikafika pale.

"Yohana."

Sauti yangu ilitoka vizuri. Kanisa likangoja. Watu waligeuza shingo kumtafuta mama aliyechelewa kusimama. Kwenye benchi mama mmoja alishika kiberiti tayari, njiti mkononi, akitazama huku na huku amwashie nani. Hakuna aliyesimama. Padre akakohoa, tukaendelea na sala.

Wakati wa chai Murugi alinifuata na kikombe chake.

"Mwalimu, huyo Yohana ni wa nani? Sijawahi kumsikia."

Hapo bado ningeweza. Kutoka mlangoni mteremko wote ulikuwa unaonekana, ningeweza kunyoosha kidole tu. Wanawake kumi na saba walikuwa wamekaa, wanasubiri, na neno lenyewe ni fupi: Wachuka. Mama Yohana.

"Sijui," nikasema. "Nimemkuta tu kwa daftari ya zamani ya baba."

Murugi akapiga kofi la mshangao. "Wĩ! Mathenge! Mtoto hata mama yake hajulikani, na yeye ameweka jina miaka hiyo yote! Huyo ndiye katekista. Siku hizi hawako." Wengine wakaitikia kwamba ni kweli, hawako, na mmoja akajaza chai kwenye chupa, akafunga mkate kwenye kitambaa, akasema nimpelekee mzee na wanamwombea.

Nikampelekea. Nikamweleza ni ya nini, neno kwa neno. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua ule mdomo wake uliopinda nimnyweshe. Alikunywa yote.